Filamu Inaisha Kabla ya PF3

Msyuuu! Hebu sogeeni nikae. Leo sitaki utani na mtu.

Mnajua kijiwe chetu hapa Katoro hakina kesi ndogo. Bei ya gramu ya dhahabu ikishuka, tunaijadili sisi kabla ya wenye leseni. Duara la mtu likitema kule Rwamagasa, jioni tunajua kanunua pikipiki ngapi na kaongeza mke wa ngapi. Lakini tangu alfajiri hii hakuna aliyetaja Simba wala Yanga. Watu wanabishania muvi iliyochezwa jana usiku kwenye banda la ng'ambo ya barabara.

Kisa chenyewe kifupi. Muvi ya Kizungu, imetafsiriwa. Inafika mahali binti anavamiwa ndani kwake. Mtafsiri, badala ya kufunga mdomo walau kidogo, akaanza mbwembwe: akamwigiza binti kwa sauti nyembamba, akamhimiza mwanamume kama mtangazaji wa redio aliyeona penalti. Banda likaangua kicheko. Dada anayeuza karanga mle ndani akajitwika sinia lake, akatoka. Kijana mmoja akamrushia neno mgongoni, kwamba eti huyo kakumbushwa yake. Kicheko kikaongezeka.

Basi. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyepelekwa serikali ya mtaa, muvi ikaendelea. Na hapo ndipo ninaposonya: kwamba iliendelea.

Kijana wa karasha, vumbi la mawe bado limemganda kwenye nyusi, ndiye aliyeanza kujitetea. "Baba mkubwa, ile ni muvi. Yule dada analipwa dola, analia kwa mkataba. Sisi tumesaga mawe kutwa nzima, tunataka kucheka. Unataka tulie?"

Sikiliza, mwanangu. Hakuna aliyekwambia ulie. Nakuuliza kitu kimoja tu: nani alikukalisha upande wa yule mwanamume? Si wewe. Ulitoa mia tano yako, ukabanana kwenye benchi, na kabla hujajua umtakie nani heri, mtafsiri alishakuamulia. Ukacheka kwa sababu sauti iliyokuwa inacheka ndiyo iliyoshika kipaza sauti.

Na sisemi tafsiri ni mbaya. Sisi tuliokua na kanda za VHS tunamkumbuka Lufufu, Kapteni Derek Mukandala, sauti iliyowafanya bibi zetu wasio na Kiingereza cha kuombea maji wafuatilie muvi za watu wa mbali hadi mwisho. Kenya wanaye DJ Afro, mtu anaweza kuisahau picha akabaki anamsikiliza yeye. Hao ni mafundi, na kwa kuwa ni mafundi ndiyo maana nawadai. Mwelekezi wa kule Marekani pengine kamera kaiweka usoni mwa binti makusudi, ili umtazame yeye. Ikifika Katoro, mdomo mmoja unaigeuza kichekesho. Mdomo huohuo ungenyamaza nusu dakika, banda zima lingenyamaza nao.

Mama wa uji alikuwa anatusikiliza huku anakoroga. Akasonya, msonyo ule mrefu unaoanzia Ushirombo ukaishia Nzega.

"Mnawasingizia Wazungu," akasema. "Muvi ya kwanza ya aina hiyo nimeicheza mwenyewe, tena bila malipo. Chagulaga."

Watu wakacheka kidogo, wakaacha.

Kwa mgeni aliyeshuka jana kufuata rashi: chagulaga ni ule mtindo wa vijana wa Usukumani kumzingira msichana akitoka mnadani, kisimani au ngomani, wakamzibia njia na kumtaka achague mmoja wao. Shinyanga upo, Geita upo, Simiyu upo, na kokote Wasukuma walikohamia na mifugo yao, hadi Katavi huko, umewafuata. Mwalimu mstaafu akautetea. Zamani, akasema, ulikuwa na adabu zake. Vijana walijulikana kwa ukoo, binti alimtaja ampendaye, na ndoa nyingi za heshima zilianzia hapo.

"Mwalimu," mama wa uji akamjibu, "shikamoo yako nakupa kila asubuhi. Lakini wewe ulikuwa upande wa wanaokimbiza. Niulize mimi niliyekuwa nakimbia. Wanaume sita wamekuzunguka kwenye mtama, jua linazama, wanakwambia chagua. Nani kati yenu amewahi kusikia jibu la 'simtaki hata mmoja' likapokelewa?"

Mwalimu akapuliza kahawa yake ambayo ilikuwa imeshapoa.

Sasa tazameni burudani inavyoichukua chagulaga hiyo. Klipu zinazagaa kwenye simu: msichana anakimbilia kichakani, vijana nyuma yake, mpiga picha anacheka hadi simu inatikisika mkononi, juu yake kapachika muziki. Mchekeshaji anayeigiza Msukuma mshamba akiishiwa, anaingiza kipande cha kumkimbiza mtu. Ukiitazama ukiwa Dar es Salaam, ni vituko vya washamba. Ukiitazama ukiwa Shinyanga, unajua huyo anayekimbia huenda hajamaliza darasa la saba. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 uliukuta mkoa wa Shinyanga unaongoza nchi nzima kwa ndoa za utotoni: wanawake 59 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18. Hao ndio wanaokimbizwa kwenye klipu unayoichekea.

Nchi hii imeshabishana mahakamani juu ya umri huo. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi. Rebeca Gyumi akaipeleka Mahakama Kuu, akashinda Julai 2016. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema Gyumi yuko sahihi. Huyo Gyumi kabla ya kesi watu walimjua kwenye televisheni, kipindi cha vijana cha Femina. Kwa hiyo msiniambie mtu wa burudani hawezi kuwa na la maana la kusema juu ya mambo haya.

Fundi simu, ambaye ndiye anayetujazia muvi kwenye flashi, akaingilia. "Si serikali ipo? Kama ni mbaya wangezifungia."

Ipo, tena ina macho makali! Mmesahau mwaka 2018? Oktoba, Bodi ya Filamu ilimfungia Wema Sepetu asiigize, baada ya klipu yake ya faragha akiwa na mwenzi wake kusambaa. Novemba, Baraza la Sanaa, BASATA, wakaufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz kwa maneno machafu; mtaa mmoja wa Mwanza ulikuwa umechezewa jina. Desemba, baada ya wawili hao kuuimba jukwaani Mwanza kwenyewe, wakapigwa marufuku kufanya maonyesho. Wakaja kufunguliwa baadaye. Sisemi walionewa, sisemi walistahili. Nasema angalieni jicho linatazama wapi. Linatafuta paja, linatafuta tusi. Watu wawili wakishikana kwa hiari yao, filimbi inapulizwa. Mtu akimlazimisha mwenzake, almradi kanga haijadondoka, nani amewahi kusikia muvi ikarudishwa kwa mwenyewe aambiwe: hapa umemfanya mbakaji apendeze, nenda kapange upya? Mimi sijasikia.

Aibu yetu iko kwenye ngozi. Kwenye nguvu, hatuna aibu.

Tuje kwa wetu wa nyumbani, maana mwigizaji Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga mwaka 1984 na hatuwezi kujifanya Bongo Movie ni ya watu wa Dar peke yao. Sitataja muvi mojamoja kwa sababu mtindo ni wa wengi. Kuna binti wa kijijini. Kuna baba wa kambo, au bosi, au mjomba aliyemchukua ili amsomeshe. Mlango unafungwa, kinanda kinapanda, kamera inahamia kwenye kandambili iliyobaki kizingitini. Hapo nawapa heko: hawakuonyesha, na hatukuhitaji kuonyeshwa.

Shida inaanza dakika mbili baadaye. Njia zinakuwa tatu. Ya kwanza, kaka anarudi safarini na panga. Ya pili, nabii anamwombea binti, na mbakaji anashikwa na ugonjwa usiojulikana, anaungama akiwa kitandani. Ya tatu, na hii ndiyo inayonichosha, binti amekuwa tajiri mjini, mbakaji amefilisika, wanakutana, machozi, msamaha, harusi, ndugu wanapiga vigelegele. Polisi akitokea, ni kofia na pingu dakika ya mwisho: "Mchukueni huyu." Majina ya waigizaji yanaanza kupanda.

Nikauliza kijiwe kizima: nani kati yenu, kwa kutazama muvi miaka yote hii, anajua binti wa jirani yake akifanyiwa hivyo leo usiku afanye nini kesho asubuhi? Kijana wa karasha akasema amwogeshe kwanza, apumzike. Dereva bodaboda akasema aende kwa mwenyekiti. Fundi simu akasema nguo zichomwe, mkosi.

Watatu, majibu matatu, na yote yanaua kesi au yanaichelewesha.

Kuna dada muuguzi huwa anasimama hapa kununua uji. Ndiye alitunyoosha, huku kaninginiza kikombe mkononi. Asioge. Nguo zisifuliwe wala zisichomwe. Ziwekwe kwenye bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi, si rambo, maana rambo inaozesha ushahidi, na rambo zenyewe serikali ilishazipiga marufuku tangu 2019. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Za kuzuia mimba zina siku zake, tano kwa wingi. Vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Pale inatolewa fomu ya polisi, PF3, daktari anaijaza, na karatasi hiyo ndiyo itakayosimama mahakamani siku ambayo watu wote wamepoteza sauti. Kama aliyeumizwa ni mtoto, namba ni 116, bure, hata kwa simu ya tochi.

"Miaka yote hii natazama muvi," kijana wa karasha akasema, "sijawahi kuiona PF3."

Umeona sasa! Ndilo neno langu la leo, na sina lingine. Sibishani juu ya kuonyesha au kutoonyesha. Ubakaji upo duniani, sanaa itausema. Ninachodai ni siku ya pili. Watengenezaji wetu wanajua kutuonyesha kitendo na wanajua kutuonyesha adhabu ya Mungu, ila katikati hapo, anapoishi binti wa kweli, wamekata.

Na kwa kuwa wamekata, sisi nasi tumejifunza kukata. Kumbukeni kesi ya mwanamuziki Nguza Viking, yaani Babu Seya. Juni 2004 yeye na wanawe watatu walihukumiwa kifungo cha maisha kwa kubaka watoto 10 wa shule ya msingi Dar es Salaam. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikawaachia wana wawili, akabaki yeye na mwanawe Papii Kocha. Tarehe 9 Desemba 2017, sherehe za Uhuru pale Dodoma, Rais Magufuli akawasamehe, na uwanja ukalipuka kwa shangwe. Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ikasema baadhi ya haki zao katika kesi ile zilivunjwa. Wenyewe siku zote wamekana. Mimi si hakimu, wala ninyi. Lakini katika miaka ile 13 ya maombi, vichwa vya magazeti na nyimbo zao kupigwa redioni, tulisimuliana habari za nani? Za wanamuziki. Tulijua wamekonda, tulijua wamezeeka. Wale watoto waliotajwa kwenye kesi majina yao yalifichwa, na ni haki yafichwe. Ila kuficha jina ni jambo moja, kumsahau mtu ni jingine. Siku ya shangwe wote walikuwa watu wazima. Hakuna aliyeuliza walikuwa wanasikiliza redio gani.

Halafu Agosti 2024. Hii najua inawauma, lakini lazima niiseme. Video ilisambaa nchi nzima, binti anafanyiwa ukatili na kundi la wanaume waliojirekodi wenyewe. Tarehe 30 Septemba mwaka huohuo mahakama ya Dodoma iliwahukumu wanaume wanne kifungo cha maisha, maana ndiyo adhabu ya kubaka kwa kundi. Vizuri. Lakini kabla mahakama haijakaa, hapa hapa kijiweni mtu alinijia na simu: "Mzee, umeiona? Nikurushie?" Sauti ileile anayoitumia kuulizia muvi mpya. Hakutambua tofauti. Na angeitambulia wapi? Miaka mingi amefundishwa kutazama tukio hilo akiwa amekaa, anatafuna karanga, anangoja lipite. Wale wanaume walijirekodi kwa kuwa walijua watazamaji wapo. Kamera ilikuwa silaha mojawapo, na kila aliyeirusha mbele alikuwa anawamalizia kazi.

Kijiwe hakikunijibu. Mmoja alishika simu yake akaigeuza kifudifudi.

Mwalimu mstaafu, ambaye alikuwa bado anauguza jeraha la chagulaga, akaona mwanya. "Unailaumu burudani kana kwamba ina nguvu hizo. Watu wana akili zao."

Mwalimu, wewe ndiye wa kusema hivyo? Mwaka 1993 Radio Tanzania ilipoanzisha Twende na Wakati, nyumba gani ilikuwa haijui habari za Mkwaju, dereva wa lori aliyekuwa na mwanamke kila kituo, UKIMWI ukammaliza? Na mkewe, Tunu, si alimwacha akaanza biashara yake? Wanawake waliomsikia Tunu akifunga mizigo yake walijifunza kwamba mizigo inafungika. Mhubiri angesema mwaka mzima asifikishe hilo.

Kama hiyo ni ya kizamani, chukua ya juzijuzi. Mwaka 2016 huko Uganda, Donald Green wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake walipita vijiji 112, wakaonyesha muvi bure kwenye mabanda ya video, mabanda hayahaya ya mabati na mabenchi. Katikati ya muvi waliingiza maigizo mafupi. Vijiji vingine vilipewa maigizo juu ya wanaume wanaowapiga na kuwaumiza wanawake nyumbani, vingine vikapewa mambo mengine, ili walinganishe. Hayakuwa mahubiri. Yalionyesha majirani na wazazi waliojua wakanyamaza, kisha yakaonyesha watu wakifungua mdomo na wakisikilizwa. Wakarudi baada ya miezi kuhoji. Mnadhani mioyo ya watu ilikuwa imegeuka? Wala. Mitazamo ilikuwa karibu ileile. Kilichobadilika ni utayari wa wanawake kwenda kusema, na katika vijiji vile nyumba zenye ukatili zilipungua kwa miezi iliyofuata.

Hebu litafuneni hilo pamoja na kashata. Igizo halikumfanya mtu kuwa mwema. Lilimwonyesha pa kwenda, na mwenye mkono mwepesi akajua kwamba sasa watu watasema. Siku ya pili ilifanya kazi ambayo machozi hayaiwezi.

Na hata hapa nchini wapo waliothubutu. Shirika la UZIKWASA la Pangani, Chande Omar akiongoza, lilitengeneza filamu "Aisha", Godliver Gordian ndiye Aisha mwenyewe. Mwanamke anarudi kwao kwa ajili ya harusi, anabakwa na kundi, na filamu haiishii hapo. Inaingia kwenye vita ya kudai haki katikati ya watu wanaotaka mambo yaishe kimyakimya. Watu wa Pangani, wavuvi na wakulima wa minazi, wameweza. Sisi wenye dhahabu tumeshindwa nini?

Maana hadithi tunazo, zimejaa mialo yote. Agosti 2013 Human Rights Watch walitoa ripoti ya watoto wa machimboni, Geita na Kahama zikiwemo. Watu walikumbuka habari za zebaki, wakasahau ukurasa wa wasichana: wanaosumbuliwa kingono pembeni ya maduara, wanaosukumwa kuuza miili yao, wengine wakipata VVU. Muvi ya mgodini tunayoijua sisi ni ipi? Mchimbaji anapata, anahamia baa, wanawake wanamzunguka, mganga anamdai, anafilisika. Mwanamke kwenye hadithi hiyo anakuja pamoja na pesa, ni sehemu ya mgao. Yule binti anayebeba sahani za mama ntilie kupeleka duarani, anayepita kati ya wanaume arobaini na kila mmoja ana neno, yuko nyuma kabisa ya picha. Mgeuzieni kamera. Ana mengi.

Na msidhani ni la wasichana peke yao. Utafiti wa kitaifa uliofanyika 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18, na wavulana karibu 1 kati ya 7. Mvulana huyo kwenye komedi zetu ndiye kichekesho kikubwa kuliko vyote: kashikwa na mama mtu mzima, watu wanamwambia kapata bahati. Hapa kijiweni tuko kumi na wanne. Pigeni hesabu yenu kimoyomoyo, msiniambie.

Kijana wa karasha akakuna nyusi, vumbi likadondokea kwenye kikombe. "Sawa baba mkubwa, nimekuelewa. Lakini sema ukweli. Muvi ya kujaza fomu, nani atatoa mia tano?"

Hapo ndipo mama wa uji alipoweka mwiko chini.

"Wewe mtoto, nenda mahakamani siku ya kesi kama hiyo uone watu wanavyojaa hadi madirishani, na hawajalipwa wala hawajatangaziwa. Unadhani siku ya pili haina vituko? Baba wa binti anatafutwa usiku na wazee wa upande wa pili. Wanataja ng'ombe. Mama yake hataki, mjomba anataka, maana ana deni la mbegu za pamba. Kesi ni ya Jamhuri, familia haina mamlaka ya kuifuta, lakini wote wanajua shahidi asipotokea mara moja, mara mbili, mara tatu, faili linakufa lenyewe. Daktari aliyejaza PF3 kahamishiwa Chato. Mwenye makosa akipatikana na hatia ni miaka 30 isiyopungua, kwa hiyo ndugu zake hawalali. Binti mwenyewe ana miaka kumi na sita, anasikia kila neno kupitia ukuta wa tope.

"Sasa ni asubuhi. Ng'ombe wanane wamefungwa nje ya boma, hakimu ameshaingia, karani anaita jina la shahidi kwa mara ya mwisho, na basi la kutoka kijijini bado halijafika. Niambie, mwanangu. Hapo wewe utatoka nje kwenda kununua sigara?"